Talaka ya karatasi: iwe lazima ifike kwa kadhi, au dola ikae mbali?

Kaka wa Wete:

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Jambo hili limenikaa kifuani wiki sita, leo naliweka mbele yenu tulijadili. Naomba hoja, matusi tuyaache.

Siku hiyo baada ya alasiri alikuja mtoto wa kiasi cha miaka 8 nyumbani kwa mama, hapa Wete, na karatasi iliyokunjwa mara nne. Imechanwa kwenye daftari la skuli, mistari ya buluu inaonekana, na ubavu mmoja umechanika pale pini ilipokuwa. Ndani mna sentensi moja tu: jina la shemeji yangu, jina la dada yangu, "nimemwacha talaka moja", tarehe, sahihi. Mtoto akasema kaambiwa ampe bibi. Akasimama kidogo mlangoni kama anayengoja majibu, halafu akenda zake.

Saa hiyo dada yuko kwake anasukuma chapati za watu. Hana habari. Mama ndiye aliyempigia simu kumwambia kwamba ameachwa. Magharibi ikamkuta kwa mama na watoto watatu, cherehani na mkoba wa nguo.

Usiku nikaichukua ile karatasi nikaisoma tena kwa utulivu. Tarehe iliyoandikwa ilikuwa ya siku 9 nyuma. Siku 9 zote yule bwana kalala nyumba ile ile, kala chakula cha dada yangu, wamekaa kama mume na mke, na talaka iko mfukoni mwake.

Hakuna aliyemtoa dada kwa fimbo. Katoka mwenyewe, kwa sababu ndivyo tulivyozoea visiwani: mwanamke akiachwa anarudi kwao, tena haraka, watu wasije wakasema kang'ang'ania. Sasa fungueni Suratut-Talaq, aya ya kwanza. Waume wanaambiwa wahesabu eda, yaani muda wa kungoja baada ya talaka, wasiwatoe wake zao majumbani mwao, na wake nao wasitoke, isipokuwa wakifanya uchafu ulio wazi. Aya ya pili inataka mashahidi wawili waadilifu. Aya ya sita inasema wawekeni pale mnapokaa nyinyi, kwa kadiri ya uwezo wenu. Tunaisoma sura hii misikitini, watoto wanaihifadhi vyuoni, na jioni ile ile mwanamke anabeba mkoba.

Pendekezo langu ni hili. Zanzibar iwe na sheria inayosema talaka yoyote ya Waislamu ifikishwe kwa kadhi ndani ya siku chache, mume ahudhurie kwa miguu yake, na hapo hapo yaandikwe makazi, nafaka ya eda (yaani matumizi ya mke, si nafaka ya chakula), kiliwazo cha mwanamke aliyeachwa na matunzo ya watoto. Asiyefika ashitakiwe. Vyombo vipo. Dikrii ya kuandikisha ndoa na talaka za Waislamu, Sura ya 91 ya sheria za Zanzibar, tumeirithi tangu enzi za Mwingereza. Mahakama ya Kadhi ilikuwa na Sheria Namba 3 ya 1985, na sasa ina Namba 9 ya 2017. Lakini leo anayekwenda kwa kadhi ni mwanamke, tena baada ya miezi, kwa nauli ya kukopa, akiomba kile ambacho Mungu alishampa.

Na hapa ndipo siasa zetu zinaponiuma. Kila baada ya miaka 5 wagombea wanafungua mikutano kwa Fatiha, Ijumaa wanakaa safu ya mbele, wanaleta mazulia na pampu za maji misikitini. Wa chama tawala hivyo hivyo, wa upinzani hivyo hivyo. Sikatai, hii ni nchi ya Waislamu kwa wingi wa watu wake, na mtu kutaja dini yake si aibu. Lakini sijamsikia mgombea hata mmoja, Pemba nzima, akisema jukwaani kwamba akishinda atapigania nafaka ya eda ilipwe. Wanaogopa kura za waume? Wanaogopa masheikh? Nataka kujua.


Mwalimu wa Chuoni, Mkunazini:

Wa alaykumus-salaam. Kaka yangu, kwanza poleni nyumbani, na Mwenyezi Mungu amfanyie wepesi dada yetu. Yule bwana kakosea, tena kakosea vibaya, na sitamtetea.

Ila pendekezo lako lina mlango ambao ukishafunguliwa hatutaufunga. Talaka ni haki ambayo sharia imeiweka mikononi mwa mume. Jamhuri ya wanavyuoni, yaani wengi wao, na sisi Mashafi, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafi, tumo, wanasema mashahidi katika talaka ni sunna, si sharti. Mume akitamka kwa lafudhi iliyo wazi, imepita, awe chumbani peke yake au awe mbele ya kadhi. Ikiwa Baraza la Wawakilishi litapitisha kwamba talaka haihesabiki mpaka iandikishwe, tutakuwa na mke ambaye kwa Mungu ameshaachika na kwa serikali bado ni mke. Mume kamwacha mara tatu shambani, hakwenda kuandikisha, sheria inamwambia huyu ni mkeo, anarudi analala naye. Dhambi hiyo nani ataibeba? Waziri?

Hapo ndipo tunapohofu, na si kwa sababu tunawachukia wanawake kama tunavyosingiziwa kila tukifungua mdomo. Nina mabinti wanne.

Na nikuongezee jambo ambalo wengi hawalijui. Talaka ya kuandika, kwa mtu anayeweza kusema, katika madhehebu yetu si tamko lililo wazi. Ni kinaya, yaani tamko lisilo wazi. Haipiti ila kwa nia. Mtu anaweza kuandika kwa hasira, au kujaribu kalamu, au kutaka kumtisha mkewe, na hakukusudia kuacha. Kwa hiyo kabla ya yote yule bwana alitakiwa aulizwe: ulipoandika ulinuia nini? Nyinyi mmeipokea karatasi kama hukumu ya mwisho, dada akafunga mizigo. Kosa la kwanza ni lake yeye, la pili ni la kutokwenda kwa mwenye elimu. Sheria mpya haitatibu ujinga wa dini.


Mkulima wa Mwani, Paje:

Mie si msomi, nitasema langu nipite.

Niliachwa mwaka wa kumi na mbili wa ndoa. Mimi sikuletewa karatasi. Niliambiwa na wifi, nikiwa pwani, maji yanakupwa, nafunga mbegu kwenye kamba. Nikamaliza kamba zangu zote ndipo nikatoka majini, kwa sababu bamvua likipita halingoji mtu aliyeachwa.

Nilikwenda kudai. Nikaambiwa niende na mume. Nitampata wapi mume? Yuko Dar. Nikapewa barua nimpelekee mwenyewe. Barua ya kumwita mwanamume mahakamani anaichukua mwanamke aliyeachwa, aende kumtafuta. Nilirudi mara nne. Mara ya tano sikwenda tena, mwani ulikuwa unaoza.

Sheikh wa Mkunazini anasema sheria haitatibu ujinga. Sawa baba. Lakini mume wangu hakuwa mjinga. Alikuwa akisomesha darsa.


Mwanasheria wa Vuga:

Naomba niweke sawa mambo matatu, maana naona watu wanachanganya, kisha nitoe rai yangu.

La kwanza, Sheria ya Ndoa ya 1971 inayozungumzwa sana Bara haifiki hapa. Wale waliofurahia hukumu ya Mahakama ya Rufani ya 2019 kuhusu umri wa kuolewa, wakadhani na Zanzibar imebadilika, walikosea. Ndoa za Waislamu hapa zinakwenda kwa sharia kupitia kwa kadhi. Na kwa Katiba yetu ya 1984, mambo ya sharia ya Kiislamu yaliyoanzia kwa kadhi hayafiki Mahakama ya Rufani ya Tanzania. Yanaishia Zanzibar. Maana yake ni kwamba kama tunataka kurekebisha chochote, tutarekebisha wenyewe. Hakuna Dodoma wa kumlaumu.

La pili ni mali. Bara, tangu kesi maarufu ya 1983, Mahakama ya Rufani ilishakubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Sisi tulikaa muda mrefu kadhi hana meno katika suala hili. Sheria ya 2017 ndiyo iliyompa mamlaka ya kusikiliza mgawanyo wa mali ya ndoa, lakini pale mchango unapothibitika. Neno hilo "kuthibitika" ndilo linalowaliza wateja wangu. Saruji inanunuliwa na mume, risiti ina jina la mume, kiwanja kina jina la mume au la baba yake. Mke katoa fedha mkononi, chumbani, usiku. Atathibitisha vipi?

La tatu, kwa sheikh wetu. Hofu yako ni ya haki lakini jawabu lake lipo, na limetoka kwa Mashafi wenzetu. Malaysia, mume akimwacha mkewe nje ya mahakama bila ruhusa anakuwa ametenda kosa. Anatozwa faini au anafungwa. Hata hivyo mahakama haisemi kwamba talaka haikupita. Inawaita wote wawili, inachunguza kama imepita kisharia, na ikiona imepita inaiandikisha kwa tarehe yake. Adhabu ni ya kuvunja utaratibu, talaka yenyewe inabaki katika hukumu ya Mungu. Hakuna mke wa Mungu na mke wa serikali. Ukiniuliza mimi, hiyo ndiyo njia, na ndugu wa Wete afute kabisa wazo lolote la kubatilisha talaka, maana akiligusa hilo atawapoteza hata wanaomuunga mkono.


Mzee wa Ng'ambo:

Wanangu, mnazungumza kwa ufasaha na nimefurahi. Mimi nina umri wa kuyakumbuka mengine, na yaliyonifunza ni kuichunga serikali inapokaribia chumba cha mume na mke.

Mwaka 1970 katika mji huu huu, wasichana wanne wenye asili ya Kiajemi waliozwa kwa nguvu kwa wakubwa wa Mapinduzi. Hawakutaka, wazee wao hawakutaka, na jamaa waliopinga waliwekwa ndani. Siku hizo tuliambiwa ni kwa ajili ya kuondoa ubaguzi. Jina zuri halikosekani. Nilikuwa kijana, nakumbuka mama yangu alivyokuwa akifunga komeo mapema, na dada zangu hawakutumwa dukani mwezi mzima. Ndoa bila ridhaa, na walii, yule mwenye kumwozesha binti, akiwa jela! Hakuna sharia hapo. Palikuwa na dola tu.

Kabla ya hapo nchi hii ilikuwa na makadhi wa Kisunni na wa Kiibadhi, watu wanawaheshimu kwa elimu yao. Sheikh Abdallah Saleh Farsy alikuwa kadhi hapa, akahamia Kenya, na wenzetu wakamfanya Kadhi Mkuu wao. Tuliwapoteza watu wa aina hiyo. Leo Kadhi Mkuu anateuliwa na Rais. Mufti anateuliwa na Rais, kwa sheria ya 2001, na mihadhara ya dini inaangaliwa na ofisi hiyo. Viongozi wa Uamsho, ile jumuiya ya Kiislamu, walianza na mihadhara, wakaingia katika suala la Muungano, 2012 wakakamatwa, na kesi ikafutwa 2021. Siingii katika nani alikuwa na haki. Nasema dola ya visiwa hivi haijawahi kuishika dini bila kuishika na siasa yake.

Sasa hiyo sheria yenu ya kuandikisha talaka, nani atakayeisimamia vijijini? Kadhi hayuko kila shehia. Mtasema sheha. Hapo ndipo moyo unaponienda mbio. Sheha ni mteuliwa wa serikali. Nyinyi wa Pemba hamhitaji kufundishwa habari za sheha. Mtu akitaka kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi anapitia kwa sheha, na mangapi tumeyasikia wakati wa uandikishaji wa wapiga kura. Mwanamke wa familia ya upinzani aende kwa sheha kuandikisha talaka ya binti yake, aambiwe njoo kesho, njoo keshokutwa, kiongozi wenu hakusaidieni? Au mume asiyetakiwa apelekewe askari kwa kosa la kutoandikisha, na mwingine wa maskani yao asiguswe?

Mimi siikatai nafaka. Namuonea huruma bibi wa Paje kuliko maneno yanavyoweza kusema. Lakini sheria mbaya mikononi mwa mtu mwema tunaweza kuivumilia. Sheria nzuri mikononi mwa sheha wa chama, nimeona matokeo yake.


Mwanafunzi, Tunguu:

Shikamooni wazee wangu. Nimesoma yote, nina swali moja. Nimehesabu hapa: anayesema haki za mwanamke ni kaka yake, anayepinga ni mwalimu mwanamume, anayefafanua ni mwanasheria mwanamume, na anayeonya ni babu yetu. Bibi wa Paje kaandika mistari michache akapita. Mbele ya kadhi ni hivyo hivyo: kadhi mwanamume, anaulizwa mwanamke siku zake za hedhi zilianza lini na ziliisha lini ili eda ihesabiwe, mbele ya watu. Mama yangu mdogo alinyamaza. Akaandikiwa kwamba hana cha kusema.

Malaysia hiyo mnayoitaja iliwateua wanawake wawili kuwa majaji wa mahakama za sharia mwaka 2010. Sidai kesho. Lakini hata karani mwanamke aliyesoma fiqhi, wa kukaa na mwenzake chumba cha pembeni akamsikiliza, nayo ni haramu?


Kaka wa Wete:

Ahsanteni wote. Nimejifunza zaidi ya nilivyotegemea, na kuna mahali nimerudi nyuma.

Mwanasheria, nimekubali. Kubatilisha talaka silitaki tena. Kosa liwe la kutofika, talaka ibaki na hukumu yake. Mzee wangu wa Ng'ambo, hili la sheha umenishika, kwa sababu nimeishi hapa na naijua hiyo "njoo kesho". Sheha asiguse. Iandikishwe kwa kadhi wa wilaya peke yake, na kama mbali, kadhi azungukie vijiji siku maalumu, kama zinavyokwenda kliniki za watoto. Sheria iandike wazi kwamba barua ya wito inapelekwa na mtumishi wa mahakama, si mwanamke. Bibi wa Paje, hilo nimelichukua kwako. Na dada wa Tunguu, sina jawabu la kukupinga.

Lakini Mwalimu, naomba nirudi kwako kwa heshima zote, kwa sababu naona tumefika pamoja bila ya kujua. Umesema talaka ya maandishi ni kinaya na haipiti ila kwa nia. Umesema alitakiwa aulizwe. Nani amuulize? Mimi nikimuuliza ni ugomvi. Mama akimuuliza atakata simu, na amekwishafanya hivyo. Mtu ambaye akimwita lazima aje ni mmoja tu katika wilaya hii. Basi wewe mwenyewe, kwa fiqhi yako, umenionyesha kwamba karatasi bila kadhi haitoshi.

Na ile hofu yako ya mke wa kwa Mungu na mke wa serikali. Zirudie zile siku 9. Ikiwa alinuia siku ile ile aliyoandika, basi dada yangu alikuwa ndani ya eda na hajui, na yule bwana akilala naye hakumrejea kwa neno, yaani hakutamka kwamba amemrudia, na Mashafi hawana rejea ila kwa neno. Unachokihofu kwamba sheria italeta, karatasi iliyofichwa mfukoni imeshakileta, ndani ya nyumba ya Waislamu, na kwa mwanamke anayefunga Jumatatu na Alkhamisi. Analia kwa hilo kuliko kwa kuachwa. Ananiuliza kama ana dhambi.

Kuhusu kuthibitisha, kuna kitu nimekipata jana. Dada yumo kwenye kikundi cha hisa na wenzake 22. Nimekwenda kwa katibu wao, akanitolea daftari kubwa la jalada jekundu. Mstari uko hivi: tarehe, jina lake, shilingi 600,000, na kwenye safu ya sababu imeandikwa "mabati". Mwaka uliofuata tena, 450,000, "mlango na madirisha". Nyumba ile iliezekwa mwezi ule ule, majirani wanakumbuka kwa sababu mvua za masika zilikuwa zimeanza na watu walisaidia kupandisha. Mwanasheria, hiyo ni thibitisho au si thibitisho?


Mwanasheria wa Vuga:

Ni zuri sana. Katibu aje kama shahidi na daftari lenyewe, si nakala. Na wale majirani wawili waliopandisha mabati.


Mwalimu wa Chuoni, Mkunazini:

Nimesoma, nikaiweka simu chini, nikasali isha, nimerudi.

Mwambie dada yetu hana dhambi. Asiyejua kwamba ameachwa hana lawama kwa jambo ambalo alifichwa, lawama iko kwa aliyeficha. Mwambie leo, usingoje kesho.

Pili, mali ya mke ni ya mke. Mume hana hata shilingi ndani yake ila kwa ridhaa. Ikiwa alitoa mabati kama zawadi ni hukumu nyingine, ikiwa alitoa kwa kuwa nyumba ni yao wote wawili hiyo ni shirika, na akisema ni mkopo basi ni deni. Hili halihitaji sheria ya 2017, liko katika vitabu vyetu tangu zamani, na ni aibu kwetu kwamba wanawake wamelisikia kwanza kwa mawakili. Tumesomesha sana utii wa mke na tumeipita haraka milango ya nafaka.

Juu ya sheria bado nina shaka na adhabu ya jela, kwa sababu alizozitaja mzee wa Ng'ambo. Faini naweza kuisimamia hata juu ya mimbari. Wito wa lazima wa kadhi, kuuliza nia, kuandika tarehe, kukadiria nafaka, hayo sioni mwanachuoni atakayeyapinga kwa hoja. Na nikiri kwamba nilikuja hapa nikiwa nayapinga.

Sasa niambie. Karatasi imeandikwa talaka moja, si zaidi? Na yeye tangu tarehe ile ameshatwahirika mara ngapi? Mke wangu atazungumza naye kwa simu, si mimi. Ikiwa eda haijaisha basi makazi na nafaka ni wajibu wa yule bwana hata leo hii, na ana haki ya kurudi akae chumbani kwake mpaka imalizike. Jumamosi navuka, nina hitima Chake Chake. Naweza kufika Wete baada ya adhuhuri, twende kwake sote, mimi nimuulize nia yake kwa adabu, na akikataa kuzungumza tupande kwa kadhi Jumatatu.


Kaka wa Wete:

Ni moja, sheikh. Nimeihakikisha tena sasa hivi. Karatasi nimeitia kwenye mfuko wa plastiki na daftari katibu amekubali kunipa kwa siku ile. Namba ya dada nakutumia faragha, mkeo ampigie baada ya saa 3 usiku, watoto wakishalala.

Shemeji yuko Konde kwa karafuu, Jumamosi anashuka. Mama kasikia kwamba unakuja, anauliza kama utakula hapa.